Mwanga Uliotangulia Jua

Kama uliwahi kupita mtaa ule wa mafundi ukasoma kwamba kinyozi fulani ni bingwa wa denge, au ukakutana na ng'ombe wa bluu anayetabasamu juu ya mlango wa bucha, basi kazi ya mkono wake umeiona. Watu wanamwita Brashi. Jina la kuzaliwa analo, lakini siku lilipoulizwa hospitali, mkewe mwenyewe ilibidi afikiri kidogo. Miaka thelathini na minane amechora mabango ya vinyozi, ya mabucha, ya maduka ya dawa na ya mafundi saa, na kila bango, pembeni chini upande wa kulia, ameacha namba yake ya simu. Mkono umeshazoea. Ungemwomba akuandikie barua ya rambirambi, angeimalizia kwa namba ya simu.

Tena alikuwa na mtindo wake. Akimaliza bango anashuka kwenye ngazi, anafuta mikono kwenye suruali, anarudi nyuma hatua mbili, anafumba jicho la kushoto, kichwa anakilaza kidogo begani. Anatazama. Halafu anasema, "Safi." Basi. Hilo ndilo neno ambalo wateja wengi waliwahi kulisikia kutoka kinywani mwake, maana maneno mengine aliyafanyia ubahili wa ajabu. Salamu yake ilikuwa kukohoa. Akikohoa mara mbili, ujue amekuchangamkia sana.

Aliyesema kwa niaba ya nyumba nzima ni mkewe, Mama Pacha. Pacha wenyewe walishakuwa wanaume wenye ndevu na watoto wao, wanaishi mbali, lakini jina lilibaki hapo hapo. Mama Pacha alikuwa na sauti jamani. Akimwita mtu kutoka jikoni, majirani watatu wanaitika. Na sauti hiyo kila Jumapili, kwa miaka thelathini na mmoja, aliipeleka kwenye chumba kidogo nyuma ya kanisa, chenye madirisha mawili ya nondo na mabenchi mafupi yaliyotengenezwa kwa miguu ya watoto. Huko hakuna aliyemwita Mama Pacha. Huko alikuwa Mwalimu.

Kila walipoingia darasani watoto wapya alianza nao na habari ile ile, ya namna Mungu alivyoumba vyote. Hakushika kitabu. Alisimama tu katikati akasimulia, na wazazi walisema akifika kwenye giza, watoto wanakamatana mikono.

Brashi hakuwahi kumsikia. Jumapili kwake ilikuwa siku ya kazi, tena bora kuliko zote, kwa sababu maduka yamefungwa na unaweza kuegemeza ngazi mlangoni bila mtu kukutukania mama yako. Alipita nyuma ya kanisa na ngazi yake begani, akasikia kelele za watoto. Siku za uumbaji alizijua kwa kelele hizo: darasa zima linapiga ukelele wa neno moja, kwa pamoja, halafu kimya, halafu tena. Mara sita. Neno lenyewe upepo ulilichukua kabla halijamfikia.

"Njoo siku moja tu unisikie," mkewe alimwambia, mwaka baada ya mwaka.

"Nitakuja," alijibu Brashi. Na pengine hata mwenyewe aliamini.

Kisha Mama Pacha akaota uvimbe kooni. Mwanzoni alisema ni mafua. Baadaye akasema ni mafua mabaya. Uvimbe ulipofika mahali pa kuzuia kola kufungika, Brashi alimshika mkono akampeleka hospitali, na daktari, kijana mpole mwenye miwani, akawaeleza taratibu. Uvimbe lazima utoke. Hatari si kubwa, ila mshipa unaoendesha sauti unapita hapo hapo ubavuni mwake. Watajitahidi wasiuguse. Lakini hawezi kuwaahidi.

"Hamuwezi kuahidi nini?" aliuliza Mama Pacha.

"Kwamba utaamka na sauti, mama."

Walirudi nyumbani, na mlangoni yule mama wa kuongea akasimama. Hapo akageuka. "Baba Pacha, nataka unichoree ukuta. Kule darasani, ule wa kushoto. Siku zote saba, kila moja na mraba wake. Nikikosa sauti, watoto wawe na cha kutazama."

Ilikuwa imebaki wiki moja na siku nne kabla ya kupasuliwa. Brashi alikohoa mara mbili, akaenda kutafuta rangi.

Jumatatu akausugua ukuta kwa msasa, akaupaka nyeupe ya kuzibia, ile andakoti ambayo fundi mwenye akili hairuki. Jumanne akapiga mistari kwa uzi wa chaki, miraba saba, mikubwa kama milango ya kabati. Jumatano akaanza siku ya kwanza, na kwa kuwa alishasikia kwamba siku ya kwanza ni mwanga, akachora jua. Jua kweli kweli, la manjano, lenye miali kumi na mbili na mashavu, kama lile alilomchorea muuza sabuni. Akarudi nyuma hatua mbili. Akafumba jicho. Safi.

Mama Pacha akaja jioni, kitambaa shingoni. Akatazama. Akashika kiuno.

"Baba Pacha, hiki nini?"

"Mwanga."

"Hili ni jua. Jua limeumbwa siku ya nne. Siku ya kwanza limetoka wapi, lilitangulia kuja kukagua?"

Brashi akakuna kidevu. "Sasa mwanga bila jua unatoka wapi?"

"Kwa Mwenyewe. Alisema uwepo, ukawepo."

"Yeye alisema. Mimi nina brashi."

"Ndiyo maana nikaolewa na fundi. Futa hilo jua."

Hapo ndipo kazi ilipoanza kwenda mrama. Kesho yake Brashi alipendekeza achore taa ya chemli. Mkewe akamuuliza chemli iliumbwa siku gani. Akapendekeza mshumaa. Akaulizwa nyuki wa nta walikuwa wapi. Mwisho akasema kwa unyonge kwamba hata miti ya siku ya tatu imemea kabla ya jua, itakuwaje?

"Ni siku moja tu, iliweza kuvumilia," alisema Mwalimu. "Usinihamishe kwenye hoja."

Brashi alishindwa, akaliacha jua palepale na mashavu yake, akaendelea na mengine. Maji ya juu na ya chini aliyatenganisha vizuri. Miti ilimkaa mkononi. Samaki walitoka na tabasamu la yule ng'ombe wa bucha, lakini Mwalimu aliwapitisha, akasema siku ya tano kila kiumbe kilikuwa na haki ya kufurahi. Balaa likawa siku ya sita. Adamu na Hawa walisimama nyuma ya kichaka kilichowafunika hadi kifuani, vizuri, kwa adabu, ila Adamu alikuwa amekatwa denge la kisasa lenye mstari pembeni, na Hawa alikuwa amesukwa.

"Nani alimnyoa huyu?" aliuliza Mwalimu.

Brashi akajifanya anaosha brashi.

"Na huyu mwenzake, saluni ilifunguliwa siku ya ngapi?"

Alicheka mpaka akashika koo kwa maumivu. Halafu macho yake yakashuka pembeni chini kulia, chini kabisa ya kichaka, akaona namba ya simu.

"Baba Pacha! Unataka watu wadhani wewe ndiye uliyeumba? Wampigie nani, wewe?"

Namba ikafutwa. Denge likabaki, kwa sababu muda ulikuwa umekwisha. Mraba wa saba ulikuwa bado mweupe, na Brashi alipouliza achore nini hapo, mkewe alimjibu tu, "Utajua ukifika."

Jumapili ile, ya mwisho kabla ya kupasuliwa, Mama Pacha alivaa sweta lake la kijivu, akasimama mlangoni na mkoba. Hakutumia sauti yake ya jikoni. "Leo nasimulia uumbaji. Inawezekana ndiyo mara ya mwisho. Utakuja?"

"Nikimaliza lile duka la dawa," alisema Brashi. "Herufi tatu tu zimebaki."

Niseme ukweli, maana mwenyewe hawezi kuusema: herufi zile zingesubiri hadi Jumatano bila mgonjwa yeyote kufa. Aliogopa. Alijua akienda kukaa pale amsikilize, atakuwa amekubali kwamba ni mara ya mwisho, na hilo moyo wake ulilikataa katakata. Basi akapanda ngazi. Kutoka juu ya ngazi akasikia ule ukelele wa watoto kwa mbali, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Herufi ikatoka imepinda. Ukelele wa sita ulipopita akashuka, akaacha makopo wazi, akakimbia na miaka yake sitini na mitatu. Alikuta mabenchi matupu na mkewe anafagia.

Mama Pacha hakumgombeza. Angemgombeza ingekuwa nafuu.

Jumanne akapasuliwa. Uvimbe ulitoka wote, nao haukuwa wa ugonjwa mbaya, hapo Brashi alimshika daktari mkono akasahau kuuachia. Lakini Mama Pacha alipoamka na kufungua mdomo, ilitoka pumzi tu. Akajaribu tena. Pumzi. Daktari akasema sauti inaweza kurudi baada ya miezi, au isirudi, na kwa sasa asiilazimishe. Muuguzi akamletea daftari na penseli.

Brashi alikaa pembeni ya kitanda. Alikuwa na mambo ya kusema ya miaka thelathini na mmoja na hakujua hata moja linaanzia wapi. Mkewe akavuta daftari, akaandika, akamgeuzia. Ilikuwa imeandikwa: *Jua umelifuta?*

"Kesho," alisema Brashi. "Kesho asubuhi na mapema."

Na kweli, saa moja asubuhi alikuwa darasani na msasa. Nyumba bila ile sauti ilikuwa imemfukuza, hata sufuria zilionekana kumuuliza mwenye nyumba kaenda wapi. Akasugua jua. Miali ikaondoka, mashavu yakaondoka, manjano yakawa vumbi sakafuni. Chini yake ikatokea ile nyeupe aliyopaka Jumatatu ya kwanza, kabla hajapiga mstari hata mmoja. Mwanga wa dirishani ukaiangukia ikang'aa.

Brashi akakaa kwenye benchi la watoto, magoti yakamfika kidevuni. Akaitazama nyeupe ile. Akaitazama miti, samaki, Adamu na denge lake. Vyote vilikuwa vimesimama juu yake. Ungeiondoa, hakuna rangi hata moja ambayo ingeshika.

"Aisee," alisema peke yake.

Akainuka, akachovya brashi kwenye nyeusi, akaipaka nusu moja ya mraba giza zito. Nusu ya pili hakuigusa.

Ijumaa Mama Pacha akaruhusiwa. Jumamosi mchungaji akaja kumjulia hali, akasema asiwe na wasiwasi, binti mmoja wa kwaya atawasomea watoto. Mama Pacha akatikisa kichwa. Akaandika. Mchungaji akasoma, akamtazama Brashi, akasoma tena kwa sauti: "Atasimulia mume wangu. Ndiye aliyechora."

Brashi alikohoa mara nne. Hiyo haijawahi kutokea. "Mimi? Mama Pacha, mimi hata bei naiandika kwenye karatasi!"

Mkewe akapigia mstari neno *mume*. Hapo kauli ikawa imekatwa.

Jumapili akavaa shati la harusi ya pacha mmoja, lililombana tumbo, akasimama mbele ya watoto ishirini na saba. Mwalimu alikaa benchi la nyuma na bandeji shingoni, daftari mapajani. Watoto waligeuka wote kumtazama, naye akawaonyesha kwa kidole: mbele kule.  Brashi akashika rula yake ndefu kama mtu anayezama.

"Mwanzo," alisema. Akasita. "Mwanzo kabisa kulikuwa na giza. Hakuna kitu. Hapa mnaona. Sasa mimi nikitaka kuchora, huwa sianzi na picha. Naanza na nyeupe. Ukuta mzima. Mtu akipita anasema, fundi, mbona hujachora kitu? Kumbe nimeshafanya kazi kubwa. Bila ile nyeupe hakuna rangi inayokaa. Nafikiri... nafikiri Mungu alianza hivyo. Akaweka mwanga kwanza. Jua lenyewe bado. Mwanga tu, wa kushikia vyote."

Alishangaa kusikia maneno yote yale yametoka kwake. Akatupa jicho benchi la nyuma. Mkewe alikuwa ameweka kiganja mdomoni.

"Haya, siku ya pili," akaendelea, akasogeza rula.

Lakini watoto hawakusogea naye. Wakatazamana. Wakageuka kumtazama Mwalimu, wakarudi kumtazama yeye. Wengine walikuwa wameshavuta pumzi, midomo wazi, wakingoja kitu ambacho hakikuja. Brashi akatazama ukuta kama kuna kosa. Mbele kulikuwa na msichana mmoja, wa miaka saba hivi, jino la mbele hana. Huyo akamhurumia. Akasimama.

"Babu, umeruka," alisema.

"Nimeruka nini?"

 Msichana akavuta kisweta chake chini kwa mikono miwili, vile vile Mwalimu anavyovuta sweta lake. Akatoka kati ya mabenchi. Akafuta viganja kwenye gauni, mbele na nyuma. Akarudi hatua moja. Hatua ya pili. Akafumba jicho la kushoto, akalaza kichwa begani.

"Mungu akarudi nyuma hatua mbili," alisema, kwa mdundo wa Mama Pacha mtupu, "akatazama kazi yake. Akasemaje?"

"SAFI!" darasa zima likapiga ukelele, nondo za dirisha zikatetemeka.

Rula ikamponyoka Brashi.

Msichana akaiokota, akamrudishia, akakaa. "Kila siku inabidi," alimweleza kwa upole. "Mara sita."

Sijui alivyofika siku ya sita. Mwenyewe hajui. Watoto ndio waliombeba: yeye alitaja maji, wao wakajaza, alitaja samaki, wao wakaogelea. Na kila siku ilipokwisha walisimama wote ishirini na saba, wakafuta mikono, wakarudi nyuma hatua mbili wakigongana na mabenchi, wakafumba jicho la kushoto. Miaka thelathini na mmoja alikuwa akipita nyuma ya ukuta ule na ngazi begani, na ndani ya ukuta ule walikuwa wakimwigiza yeye. Machozi yalimtiririka mbele za watu na hakuyafuta, maana mkono mmoja ulikuwa na rula na mwingine aliusahau.

Wakafika mraba wa saba. Mweupe, mtupu.

"Babu, hapa hukuchora," alisema yule msichana asiye na jino.

"Hapa," alisema Brashi, "alimaliza. Akakaa."

Na kwa kuwa hakuwa na jingine la kusema, akaenda nyuma akakaa kwenye benchi karibu na mkewe. Watoto waliona ni sawa. Yule binti wa kwaya, aliyekuja kusaidia, akaanzisha wimbo mbele huko.

Mama Pacha alikuwa ameshaandika. Akamsogezea daftari. *Mungu akiumba sikuwahi kumwona. Ilibidi nimtazame fundi ninayemjua. Nilikuwa nakuita uje ujione.*

Brashi akasoma, akasoma tena. Akataka kumjibu, na katika kuchanganyikiwa kwake akasahau kwamba yeye sauti anayo, akachukua penseli. Akafikiri sana. Mwisho akaandika: *Safi. Jumapili ijayo nipo.* Akamrudishia daftari.

Mama Pacha akasoma, halafu macho yake yakashuka pembeni, chini upande wa kulia, mahali ambapo mkono wa Brashi ulikuwa umemalizia wenyewe kwa namba ya simu. Akacheka. Haikutoka sauti hata kidogo, ila mabega yalitikisika mpaka benchi zima likatikisika naye, na watoto wa nyuma wakageuka, wakamwona Mwalimu wao amemwegemea Babu anacheka, wakaanza kucheka na wao bila kujua sababu.